Vioo vilivyopinda vya nyutroni

Vioo vilivyopinda vya nyutroni ni vifaa vya maabara vinavyogeuza njia ya nyutroni na kuzikusanya mahali padogo, ili mtawanyiko wake ufichue muundo wa ndani wa vitu. Aghalabu hutengenezwa kwa nikeli peke yake, au kwa tabaka nyembamba za nikeli na titani zinazopishana. Titani ndiyo inayoiunganisha elimu hii na Kaunti ya Kwale, ambako madini yake yalichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2024.

Kanuni

Nyutroni, iliyogunduliwa na James Chadwick mwaka 1932, haina chaji ya umeme. Kwa hiyo hupenya chuma kwa urahisi, lakini pia ni vigumu kuiongoza. Njia mojawapo ni kuifikisha kwenye uso laini kwa pembe ndogo mno, nayo huakisiwa. Kwa nikeli, nyutroni zenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.5 zina pembe kikomo ya takriban nusu digrii. Pembe ikizidi hapo, nyutroni nyingi huzama ndani ya metali na kupotea.

Titani husaidia kuivuka mipaka hiyo. Viini vya nikeli huyasukuma mawimbi ya nyutroni, ilhali vya titani huyavuta. Metali hizo mbili zikipangwa kwa zamu katika tabaka nyingi zenye unene unaobadilika hatua kwa hatua, kila unene huakisi nyutroni za pembe yake, na pembe kikomo huongezeka mara kadhaa. Ferenc Mezei alieleza vioo vya aina hii mwaka 1976. Kabla yake, mwaka 1963, Heinz Maier-Leibnitz na Tasso Springer walikuwa wameonyesha jinsi ya kusafirisha nyutroni ndani ya mirija yenye kuta za kuakisi.

Maumbo

Kioo cha umbo la duaradufu hupokea nyutroni zinazotoka kwenye nukta moja na kuzikutanisha kwenye nukta ya pili. Mwaka 1948 Paul Kirkpatrick na Albert Baez walipanga vioo viwili, kimoja cha kukusanya miali kwa wima na kingine kwa mlalo. Mwaka 1952 Hans Wolter alibuni nyuso mbili zinazofuatana, duaradufu na haipabola, zinazotoa taswira iliyo wazi zaidi. Kwa kuwa kila kioo hunasa sehemu ndogo tu ya mwali, vioo vya Wolter hupachikwa kimoja ndani ya kingine, kama sufuria za ukubwa mbalimbali.

Mipango hiyo yote ilibuniwa kwa ajili ya eksirei, na historia yake inapita pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru, ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Uhuru haikuwa na vioo. Setilaiti ya Einstein ya mwaka 1978 ndiyo iliyotumia vioo vya Wolter kupiga picha za anga. Baadaye, watafiti wa MIT na NASA waliutumia ufundi wa darubini hizo kutengeneza vioo vya nikeli vya kukusanya nyutroni.

Matumizi

Katika vipimo vya mtawanyiko wa pembe ndogo, desturi ni kuubana mwali kwa vitundu, na nyutroni nyingi hutupwa. Kioo huzielekeza zile ambazo zingepotea. Tofauti na lenzi, hukusanya nyutroni za mawimbi tofauti mahali pamoja. Kifaa cha KWS-3 huko Garching, Ujerumani, hutumia kioo chenye urefu wa mita 1.2 kuchunguza miundo mikubwa kuliko ile inayoonekana kwa vifaa vya kawaida. Sampuli huwa ni protini, plastiki, aloi au vitu vya sumaku.

Kwale

Mchanga wa Maumba na Nguluku, bara ya pwani ya Msambweni, una ilmenaiti, rutili na zirkoni. Mbili za kwanza ni madini ya titani. Kampuni ya Base Titanium ilianza kuchimba mwaka 2013, ikasafirisha shehena ya kwanza kupitia Likoni mwaka 2014, na ikasitisha uchimbaji Desemba 2024. Duniani, sehemu kubwa ya titani huishia kwenye rangi nyeupe ya kupaka, karatasi na plastiki. Kioo cha nyutroni huhitaji kiasi kidogo sana, lakini cha metali safi, na kati ya mchanga na metali hiyo kuna hatua ndefu za kikemia. Kwale iliuza nje mchanga uliochambuliwa. Thamani ya hatua zilizobaki ilipatikana kwingine.

Umuhimu kwa Afrika Mashariki na Kati

Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, TRICO I, kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Hadi mwaka 2024 Kenya haikuwa na kinu cha utafiti cha kuipa nyutroni. Vioo haviongezi hata nyutroni moja, hupunguza zinazopotea. Kwa hiyo nchi inayopanga chanzo kidogo cha nyutroni yapasa kuhesabu vioo kuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo, pamoja na mafundi wa kuvisugua, kuvipaka na kuvipima, kwa maana chanzo dhaifu chenye vioo bora kinaweza kufanya kazi ya chanzo chenye nguvu kisicho na vioo, ambacho hukishinda kwa gharama tu.