Kikosi bora cha Stars cha wakati wote, na swali la binti yangu

Mnaonifuata siku nyingi mnajua huwa naandika habari za watoto: uji, homa, chanjo, chandarua. Leo mnivumilie, naandika mpira. Mbele kuna suala la afya, na limenikera kweli, kwa hiyo msiondoke.

1.

Ilikuwa tarehe 4 Januari mwaka huu. Stars wanacheza na Morocco kule Rabat, hatua ya 16 bora ya AFCON. Mimi sikuwa na zamu, tukawa kwa baba mkwe hapa Ifakara, familia nzima. Wanaume walitaka kwenda kibanda umiza lakini mvua ikawazuia, basi tukabanana sebuleni mbele ya televisheni moja ndogo, watoto sakafuni kwenye mkeka. Tukafungwa 1-0, goli la Brahim Díaz. Sebule nzima kimya, utadhani kuna msiba.

Shemeji yangu ndo akavunja kimya. Akasema pamoja na yote, hiki ndicho kikosi bora cha Stars kuwahi kutokea. Hajamaliza sentensi, baba mkwe ambaye alikuwa kajilaza kwenye kiti chake akakaa wima.

"Nyie watoto mnajua nini? 1980 mlikuwepo?"

Hapakulalika tena. Likachukuliwa daftari la binti yangu, likachanwa karatasi la katikati, wakaanza kupanga kikosi cha wakati wote. Mimi nilikuwa nasonga ugali, masikio yako sebuleni.

Sasa nitawaeleza hiyo 1980, maana wengi wetu tunaisikia tu kama hadithi ya wazee. Fikirini kwanza hali ilivyokuwa. Vita na Idi Amin ilianza mwishoni mwa 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979. Nchi imechoka, sabuni na sukari ni kwa foleni, hata sisi tunaokaa jirani na kiwanda cha sukari. Katikati ya hayo Stars wakaitoa Mauritius, halafu wakapangiwa Zambia. Dar es Salaam tukashinda 1-0. Marudiano yakawa Ndola, Agosti 1979, na kule Peter Tino akafunga, ikaisha 1-1. Tumefuzu.

Baba mkwe wakati huo alikuwa kijana, kibarua wa TAZARA kule Mlimba. Reli hii inayopita hapa kwetu ndiyo hiyohiyo inayoishia Kapiri Mposhi, ndani ya Zambia, na wafanyakazi walikuwa mchanganyiko, Watanzania na Wazambia. Anasema siku iliyofuata Wazambia walioshuka na treni walipita bila kusalimia mtu. Mmoja tu ndo alirudi, akampa mkono, akamwambia haya, mmetuweza. Baba mkwe akifika hapo huwa anacheka mpaka anakohoa. Nimeisikia hadithi hii zaidi ya mara kumi, na kila mara idadi ya Wazambia inaongezeka.

Mechi za Nigeria, Machi 1980, wengi walizisikia redioni. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994 (Zanzibar walitutangulia, wao wanayo tangu 1973). Kwa hiyo ukimuuliza mzee wa bonde hili Jella Mtagwa alikuwa anakabaje, anakuelezea kitu ambacho huenda alikiona kwa masikio. Shemeji aliling'ang'ania hilo: "Baba, humjui hata sura!" Baba mkwe akamjibu kwamba sura ya Mtagwa ilikuwa kwenye stempu. Na ni kweli jamani. Mwaka 1982 posta ilitoa stempu za Kombe la Dunia, mojawapo ina Jella Mtagwa, nahodha wetu. Nesi mwenzenu nilikuwa sijui.

Kule Lagos tulifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, Juma Mkambi akifunga goli la kwanza la Tanzania katika historia ya AFCON. Misri wakatufunga 2-1, halafu sare ya 1-1 na Ivory Coast. Magoli yote mawili hayo ni ya Thuwein Ally. Pointi moja, tukarudi nyumbani. Nigeria ndio waliochukua kombe mwaka huo.

Kuna jina moja hapo ambalo kwa sisi wa mkoa wa Morogoro lina uzito wake. Kwenye benchi alikuwepo Joel Bendera, pamoja na Mpolandi Slawomir Wolk. Bendera huyu ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa mkoa wetu. Wengi wetu tulimjua kama mheshimiwa wa misafara na vikao, hatukujua kwamba ndiye aliyekuwa na timu ile. Alifariki Desemba 2017. Stars walifuzu tena Machi 2019. Miaka 39 imepita, na mzee alikosa kuona kwa mwaka na miezi michache tu. Hili huwa linanigusa, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya kazi yangu. Wodini unaona sana watu wanaokosa jambo kwa siku chache.

2.

Shemeji naye ana hoja zake, nisimwonee. 2019 tuliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, na Aggrey Morris, kocha akiwa Emmanuel Amunike. Nakumbuka siku ile hata wagonjwa walikuwa wanaulizia matokeo. Misri tulikwenda tukafungwa zote tatu: Senegal 2-0, Kenya 3-2, Algeria 3-0. Ile ya Kenya inauma mpaka leo, tulikuwa tunaongoza mara mbili.

AFCON ya Ivory Coast, Januari 2024, tulianza kwa kupigwa 3-0 na Morocco, tukatoka sare na Zambia na DR Congo. Na hii iliyoisha juzi tulifungwa 2-1 na Nigeria, sare 1-1 na Uganda, sare 1-1 na Tunisia kwa goli la Feisal Salum, tukapita kama mmoja wa washindi wa tatu bora. Mara ya kwanza kabisa kuvuka makundi. Msuva amefunga katika AFCON zote tatu hizi. Halafu Samatta: mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara mwaka 2015, bingwa wa ligi ya Ubelgiji akiwa Genk, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akafunga Wembley kwenye fainali. Hakuna wa 1980 aliyefika huko.

Lakini mimi nikiwa na mwiko mkononi nilitoa maoni yangu, na nayarudia hapa. Kliniki tukimpima mtoto hatusemi huyu ana kilo kumi na yule ana kilo nane, basi huyu ndiye mwenye afya. Tunaangalia umri. Kilo nane za mtoto wa miezi minane ni furaha, kilo nane za mtoto wa miaka miwili tunamwita mama pembeni. Mwaka 1980 AFCON ilikuwa ya timu nane tu. Ukifuzu, tayari uko kwenye nane bora za Afrika. Hizi za sasa ni za timu 24. Tumefurahia 16 bora mwaka huu, na nimefurahi kweli, nimepiga vigelegele, lakini kwa mizani ya umri wake, timu ya 1980 ilikuwa imeshafika mbali zaidi kabla hata ya kupanda ndege.

Shemeji akasema zamani nchi zilizoingia kwenye mchujo zilikuwa chache, na nyingine zilijitoa. Sawa, ni kweli. Ila Zambia hawakujitoa.

Na kuna hesabu moja hawakuipenda wote wawili. AFCON nne, mechi 13, sare 5, kufungwa 8. Ushindi sifuri. Fainali zote hizo, 1980 mpaka leo, hatujashinda mechi hata moja.

Karatasi yao ikaishia hivi: golini Juma Pondamali, ingawa shemeji alimtaka Aishi Manula na mume wangu akamtaja Kaseja. Nyuma Nsajigwa, Mtagwa, Leodegar Tenga (ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa rais wa TFF), na Mohamed Hussein. Katikati Mkambi, Nyoni, Feisal. Mbele Msuva, Samatta na Sunday Manara, yule aliyeitwa Kompyuta, aliyekwenda kucheza Heracles ya Uholanzi miaka ya sabini. Peter Tino akawekwa benchi, na baba mkwe akasema kama Tino yuko benchi yeye anakwenda kulala. Kweli akainuka. Ikabidi aombwe radhi.

3.

Hapo ndipo binti yangu, ana miaka kumi na moja, akauliza: "Babu, mbona hakuna msichana?"

Wakacheka. Si kwa ubaya, lakini wakacheka. Shemeji akamwambia hii ni timu ya taifa, mama. Binti akasema, na Serengeti Girls ni timu ya nini?

Nikaacha ugali. Kwa sababu mtoto yuko sahihi, na mimi mtu mzima nilikuwa nimekaa pale nusu saa nzima napima sare na kufungwa, nisifikirie hilo. Oktoba 2022, India, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Walifika kule kwa kuitoa Cameroon kwenye hatua ya mwisho ya kufuzu. Mechi ya kwanza Japan wakawafunga 4-0. Timu nyingi hapo zinavunjika moyo. Hawa wa kocha Bakari Shime wakaingia mechi ya pili wakaifunga Ufaransa 2-1, halafu sare ya 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia 3-0. Ilikuwa mara ya kwanza timu yoyote ya taifa letu kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Mwezi huohuo Tembo Warriors, timu ya ndugu zetu waliokatwa viungo, nao walifika robo fainali ya Kombe la Dunia lao Uturuki. Tumlaze nani kwenye kadi ya kliniki sasa? Robo fainali ya dunia kwa umri wao, hiyo iko kwenye njia ya kijani, haina mjadala.

Na wakubwa zao, Twiga Stars, walishafika AFCON ya wanawake Afrika Kusini 2010, miaka tisa kabla kaka zao hawajarudi kwenye AFCON yao. Nani alishangilia? Hata mimi sikumbuki kama nilijua. Nilipokuwa darasa la tano, shule moja ya bondeni huku, mwalimu wa michezo alitutoa uwanjani, akasema wasichana mpira wenu ni wa kushika kwa mikono. Tukaenda kwenye netiboli, hatukubisha. Nilikuwa na mguu wa kushoto mzuri sana, mnaweza kuuliza.

Sasa suala la afya. Binti yangu anataka kwenda mazoezini Jumamosi, kuna kikundi cha wasichana kimeanza. Mama mkwe hataki. Anasema mpira unaharibu kizazi, mtoto hatazaa. Namheshimu mama, kanilelea wanangu wote nikiwa zamu za usiku, kwa hiyo sikumjibu mbele za watu. Nilimfuata jikoni baadaye, tukachambua mchele pamoja, nikamweleza taratibu: kizazi kiko chini ndani ya nyonga, kimezungukwa na mifupa, kukimbia na kupiga mpira hakukihamishi wala hakukichubui. Msichana anayecheza akikua atapata hedhi na atazaa kama wengine. Kinachomuumiza ni kucheza na njaa, kucheza na malaria, na damu kupungua akishaanza hedhi kama hali dagaa, maharage na mboga za majani. Na pedi. Wasichana wengi hawaachi mpira kwa sababu ya kizazi, wanaacha kwa sababu hawana pedi na wanaogopa kuchekwa uwanjani.

Mama alisikiliza. Akasema, "Wewe umesoma, mimi nimezaa saba." Basi tukaendelea na mchele.

Niliporudi sebuleni karatasi ilikuwa bado mezani. Baba mkwe alikuwa na kalamu, miwani kashusha puani, anamuuliza binti yangu: "Hao Wafaransa mliwafunga ngapi?"

"Mbili moja, babu."

"Ugenini?"

"India, babu. Wote walikuwa ugenini."

Akafikiri. Akageuza karatasi upande wa pili, ulikuwa mweupe, akamwambia haya nitajie, nani golini.

Raba nimeshanunua, saizi 36, ziko kwenye begi langu la kazini kwa sababu nyumbani zitaonekana. Jumamosi nashuka zamu saa moja na nusu asubuhi, mazoezi yanaanza saa mbili. Kama kuna mama hapa mwenye binti anayecheza na alishavuka hii kesi ya bibi, niandikie ulimwambiaje. Na kikosi chako pia, ila Tino usimweke benchi, baba mkwe anasomewa haya na mume wangu.