Ernesto Galarza, Mtetezi wa Wageni wa Mashambani

Mtu anayekwenda kutafuta kazi katika nchi ya wengine hupewa karatasi ya mapatano, huonyeshwa mahali pa kutia sahihi au kidole, na safari huanza. Lakini karatasi ile inasema nini? Na akifika, atapata kweli yale yaliyoandikwa? Ernesto Galarza, mwandishi mzaliwa wa Meksiko, alitumia miaka mingi ya maisha yake kuuliza maswali hayo mawili. Tusikilize habari zake.

Alizaliwa mwaka 1905 huko Jalcocotán, kijiji kidogo cha milimani. Mwaka 1910 vita vya mapinduzi vilianza Meksiko, na watu wengi wakakimbia. Ernesto, mama yake na wajomba zake wawili walihama mji kwa mji, mpaka wakafika Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California katika Marekani. Hapo mtoto aliingia shule, akajua Kiingereza upesi kuliko wakubwa wake. Kisha ugonjwa mkubwa wa mafua ukamchukua mama yake pamoja na mjomba mmoja. Kijana akabaki na mjomba wa pili. Hakuacha masomo, na wakati wa mavuno alifanya kazi mashambani.

Katika kambi moja ya wafanyakazi maji ya kunywa yalikuwa machafu, na mtoto mchanga akafa. Wazee wa kambi wakamtuma Ernesto mjini kwa wakubwa wa serikali, kwa sababu yeye alijua lugha yao. Mkubwa mmoja akamsikiliza, akamshauri awaambie wenzake waungane. Shauri hilo halikumtoka moyoni. Alifahamu kwamba elimu yake si mali yake peke yake. Anayejua kusoma ni mdomo wa wasiojua.

Basi alisoma sana, hata akapata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Columbia, New York. Alifanya kazi katika ofisi ya umoja wa nchi za Amerika huko Washington. Mwaka 1947 aliiacha kazi hiyo, akarudi California kukisaidia chama cha wafanyakazi wa mashamba.

Wakati huo jambo kubwa lilikuwa limekwisha kuanza. Mwaka 1942, katikati ya vita, Marekani na Meksiko zilipatana ili wanaume wa Meksiko waende kulima na kuvuna kwa muda, halafu warudi kwao. Waliitwa bracero, neno la Kihispania lenye maana ya mtu anayefanya kazi kwa mikono yake. Mpaka mwaka 1964 mapatano zaidi ya milioni 4 yalitiwa sahihi, maana wengine walikwenda mara nyingi.

Karatasi iliahidi mshahara wa haki, malazi safi, na kazi kwa robo tatu za siku za mapatano. Galarza hakutosheka na maneno ya karatasi. Mwaka 1955 alizunguka kambini, akaketi na wafanyakazi, akawauliza: mmelipwa kiasi gani? Mmekatwa kiasi gani kwa chakula? Mwaka 1956 alitoa kitabu Strangers in Our Fields, yaani wageni katika mashamba yetu. Humo aliweka ahadi upande mmoja, na mambo aliyoyaona upande wa pili: vyumba vilivyojaa watu, chakula kibaya, hesabu za mshahara zisizoeleweka. Wengi walinyamaza, kwa hofu ya kurudishwa kwao mikono mitupu.

Labda msomaji atauliza: mbona alitaka mpango huo ukomeshwe? Je, aliwafungia ndugu zake mlango? Hapana. Alitetea haki ya mgeni. Alichokataa ni mpango wa kumfunga mtu kwa tajiri mmoja, asiweze kuacha kazi mbaya na kutafuta nyingine. Tena wenyeji na wahamiaji wa zamani walipodai nyongeza ya mshahara, matajiri waliweza kuleta bracero mahali pao. Hivyo maskini alishindanishwa na maskini.

Tarehe 17 Septemba 1963, karibu na Chualar, gari la moshi liliponda lori lililofungwa mabenchi, likiwarudisha bracero kutoka kazini. Watu 32 walikufa. Kamati moja ya bunge la Marekani ikampa Galarza kazi ya kuchunguza. Mwaka 1964 alitoa kitabu chake kikubwa, Merchants of Labor, juu ya biashara ya nguvu za watu. Mwisho wa mwaka huo mpango wa bracero ulikoma.

Taabu za wageni hazikwisha siku hiyo. Wengi waliendelea kuvuka mpaka bila karatasi yo yote. Galarza naye hakupumzika. Mwaka 1971 alisimulia utoto wake katika kitabu Barrio Boy, na aliandika vitabu vidogo kwa watoto. Alifariki mwaka 1984.

Silaha yake haikuwa ngumi. Alisoma mapatano mpaka mwisho, akahesabu, akawauliza waliotia kidole, akaandika. Nasi tunaojua kusoma, jirani akituletea karatasi asiyoifahamu, tusimwambie, «Tia sahihi tu.» Tumsomee yote.