Mabweni ya Wasichana: Tangu Frere Town Hadi Makerere

Mtu avukaye daraja la Nyali kwenda Kisauni hufika mahali paitwapo Kengeleni, penye kengele ya kale ya Frere Town. Wengi wajua kwamba kengele hiyo ni ukumbusho wa watumwa walioachwa huru. Ni wachache wakumbukao kwamba hapa hapa Kisauni palikuwa na bweni la wasichana Waafrika, mojawapo la mabweni ya mwanzo katika pwani hii.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Hata hivyo majahazi ya magendo hayakukoma, na manowari za Kiingereza ziliendelea kuyakamata. Watu waliotolewa humo walihitaji mahali pa kukaa. Kwa ajili yao wamisionari wa C.M.S. walinunua shamba Kisauni mwaka 1875, wakaliita Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere. Miongoni mwa walioletwa walikuwamo watoto wengi wasio na baba wala mama.

Wavulana walipewa bweni lao, na wasichana lao. Katika bweni la wasichana, Myao, Mmakua na Mnyasa walilala chini ya paa moja, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kusemezana. Walikuwa na saa za sala, za masomo, za kushona na za kazi za nyumbani. Msichana alikaa humo hata aolewe, na ndoa yenyewe ilihitaji idhini ya wamisionari. Yatupasa kusema kweli: binti aliyeokolewa jahazini bado hakuwa na hiari kamili juu ya maisha yake. Lakini wale waliokutana wakiwa wageni waliolewa, wakazaa, na wazao wao wakawa jamii moja, Wamisheni. Mmoja wa wazao wa Frere Town, James Juma Mbotela, aliandika habari za wazee hao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934.

Miaka 70 baada ya kuanzishwa Frere Town, yaani mwaka 1945, wasichana 6 wa kwanza waliingia Makerere, Uganda. Mpaka wakati huo wito wa chuo uliwataka wanafunzi wawe wanaume. Ilibidi ubadilishwe, ukawa wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Baadaye bweni lao liliitwa Mary Stuart, jina la mke wa Askofu Stuart wa Uganda. Huku Kenya, shule ya sekondari ya wasichana Waafrika ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1948. Binti wa Likoni au Changamwe aliyetaka kusoma huko ilimpasa kuliacha pwani na kwenda kuishi na wenzake wa bara.

Mabinti hawa hawakufanana na wale wa Frere Town. Walikuwa na wazazi, nao walikwenda kwa hiari na kwa akili zao. Lakini jambo moja lilikuwa lile lile: usiku wa kwanza, aliyelala kitanda cha pili alikuwa mgeni, naye ndiye wa kumwuguza mtu akishikwa na homa.

Wazazi wetu huuliza, "Nani atamchunga binti yangu huko chuoni?" Swali hilo ni la haki. Historia hii yatufundisha kuongeza la pili: nani atakuwa ndugu yake? Hapa kwetu Shanzu pana chuo cha ualimu, na wasichana hukijia kutoka mbali. Chama chaweza kusaidia karo, nalo ni jambo jema. Lakini kumkaribisha binti wa watu nyumbani siku ya mapumziko, ale na watoto wetu, hakuhitaji fedha za hazina. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisauni ilijengwa na wageni wa namna hiyo.