Nyumba Yangu, Kiwanja cha Mwenzangu

Amri iliyofuta hadhi ya utumwa katika visiwa vya Unguja na Pemba, ambayo Sayyid Hamoud bin Mohammed aliitia saini tarehe 6 Aprili 1897, hutajwa aghalabu kwa jambo moja tu: kwamba mahakama zisisikilize tena dai lolote la mtu kummiliki mwenziwe. Kifungu chake cha nne hakitajwi sana. Humo iliamriwa kwamba yeyote ambaye uhuru wake umethibitishwa rasmi alazimike kuonyesha kuwa ana makao maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo atahesabiwa kuwa mzururaji. Na iwapo makao hayo yamo katika ardhi ya mtu mwingine, basi amlipe mwenye ardhi kodi, hata kama ni kwa mazao au kwa nguvu za mikono yake, kwa kadiri watakavyokubaliana mbele ya mahakama.

Maana yake ni nzito kuliko maneno yenyewe. Siku ileile mtu anapoambiwa kuwa yu huru, anaulizwa maswali mawili: unalala wapi, na unakula nini? Hadi jana yake maswali yote mawili yalikuwa na jawabu moja, nalo ni "kwa bwana". Mtumwa wa shamba alikuwa na kibanda chake na kipande cha kulima muhogo kwa sababu alikuwa mtumwa wa shamba lile. Mtumwa wa mjini alilala chini katika nyumba ya mawe ya bwana wake, au katika kibanda alichoruhusiwa kukijenga penye ardhi ya bwana huyo. Kazi na paa vilikuwa kitu kimoja. Aliyeiacha kazi aliliacha na paa, na aliyekosa vyote viwili alikuwa na kesi ya kujibu. Fidia ilikuwamo katika amri ile, lakini ilikuwa ya bwana aliyepoteza mtumwa. Mtumwa aliyepoteza makao hakuwekewa kitu.

Kwa hivyo haistaajabishi kuwa waliokwenda mahakamani kudai vyeti vya uhuru walikuwa sehemu ndogo tu ya waliostahiki. Maofisa wa siku zile walipenda kueleza jambo hilo kwa kusema kwamba watumwa waliridhika na hali yao. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtu asiyetaka kufukuzwa kibandani mwake si lazima awe anampenda mwenye kibanda. Na masuria walitengwa kabisa: wao walihesabiwa kuwa ni watu wa nyumba mfano wa wake, na iliwabidi wangoje hadi mwaka 1909 ndipo sheria iwaguse kama ilivyowagusa wengine.

Waliobaki mashambani waliandikiwa mikataba. Unguja kazi hiyo ilikuwa chini ya J. T. Last, na Pemba chini ya J. P. Farler, aliyekuwa padri kabla ya kuwa ofisa wa serikali. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa siku tatu za kazi kwa wiki kwa mwenye shamba, na siku zilizosalia ni za mkaazi mwenyewe katika muhogo wake. Kwa lugha ya serikali hiyo ilikuwa kodi ya pango. Kwa macho ya aliyeshika jembe, haikuwa rahisi kuona tofauti kati yake na ya zamani. Haukupita muda mrefu mikataba ikaanza kulegea, kwani mwenye mikarafuu alihitaji watu wa kupalilia na kuchuma kuliko wao walivyomhitaji yeye. Msimu wa karafuu ulipowadia, mchumaji aliyelipwa kwa pishi aliweza kuhama shamba hili kwenda lile. Uwezo huo wa kuhama ndio uliokuwa uhuru wake wa kwanza hasa, ijapokuwa kila alipohama alianza upya kukata fito.

Wengine waliingia mjini. Neno "kibarua" limebeba historia yao. Asili yake ni barua ndogo, yaani kile kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akadai ujira wake. Katika zama za utumwa kibarua alikuwa mtumwa aliyekodishwa, naye sehemu ya ujira wake aliipeleka kwa bwana. Baada ya 1897 ujira ukawa wake wote, lakini ulikuwa wa siku moja, na kesho haina ahadi. Hamali wa bandarini, mchukuzi wa makaa, mpasuaji wa kuni, mwanamke mtwangaji na muuza maji, wote waliishi kwa kijikaratasi cha leo. Meli isipotia nanga, hakuna kazi. Na asiye na kazi mjini, asiye na bwana wala ukoo, angalilala wapi?

Jawabu lilikuwa ng'ambo ya pili ya maji. Wakati ule mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na upande wa mashariki, na watu walivuka kwa daraja lililoacha jina lake pale Darajani hadi leo, ingawa maji yalikwisha kufukiwa. Upande ule uliitwa Ng'ambo tu, kama kwamba hauna jina la haki yake na umepewa jina na wale wanaoutazama kutoka upande wa pili. Huko, katika Kikwajuni, Miembeni, Mchangani, Vikokotoni na mitaa mingine, ndiko walikojenga watu wasio na kitu. Matajiri wengi wa karne ya kumi na tisa waliacha watumwa wao, mahuru wao na wafuasi wao wajenge vibanda juu ya ardhi zao bila ya kodi, kwani kwa zama zile heshima ya mwinyi ilipimwa kwa wingi wa watu nyuma yake zaidi kuliko kwa senti za kiwanja. Wako pia walioweka wakfu kwa ajili ya mahuru wao, ili wasije wakatolewa baada ya bwana kufa.

Hapa ndipo panapotakiwa kusimama kidogo, maana njia waliyoipata watu hawa ya kujikinga na kukosa makao haikubuniwa na mwanasheria yeyote. Ilitokana na desturi ya kisiwani kwamba ardhi na kilicho juu yake vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Mnazi waweza kuwa wa huyu na udongo wa yule. Na nyumba ni ya aliyeijenga, hata kama hana shubiri moja ya ardhi chini yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya boriti za mikoko, fito, udongo na makuti. Aliyeambiwa ahame aliweza kubomoa, akatia boriti zake mabegani, akaenda kuzisimamisha mtaa mwingine. Wazungu wa siku zile waliviita vijumba hivyo vibanda vya ovyo. Lakini kwa mtu wa kutwa kile kibanda kilikuwa akiba. Siku alizokosa kazi alikosa ugali. Usingizi hakuukosa, kwani hakuwa na deni la chumba.

Na hakikuwa akiba ya wanaume peke yao. Wanawake walikuwa miongoni mwa wenye nyumba wengi wa Ng'ambo, na wengi wao walitoka utumwani. Mwanamke aliyemaliza miaka yake akitwanga na kufua katika nyumba ya watu, akishapata kijumba chake, huongeza chumba uwani, kisha kingine, akampangisha mgeni aliyeteremka jahazini jana. Uzee wake ulitegemea chumba hicho. Asiyekuwa nacho, wala mtoto, wala jirani wa kumwita somo au ndugu, mwisho wake ulikuwa nyumba ya maskini ya Walezo, nje ya mji. Undugu wa kutafutwa ulifanya kazi ambayo serikali haikuifanya: watu waliotekwa utotoni kutoka Nyasa, Manyema au Uzigua, wasioweza kurudi makwao wala kutaja babu zao, walipata nasaba mpya katika chama cha ngoma, katika twarika, kwa kungwi aliyewafunda, kwa waliokula nao chakula kimoja. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na wazazi wenye asili ya utumwa, aliingia mjini mwaka 1911 akiwa muuza vyungu. Msomaji wa wasifu alioandikiwa na Shaaban Robert hahitaji kukumbushwa alifika wapi. Inatosha kusema kwamba nyumba yake ya Ng'ambo haikukaukiwa na watu.

Ila kinga ile ilikuwa na ufa, nao ni udongo wa chini. Kadiri mji ulivyokua, ardhi ya Ng'ambo ikawa na bei. Warithi wa wale mabwana hawakuwa na haja tena ya wafuasi. Walikuwa na madeni. Viwanja viliuzwa, na vingi vikaangukia mikononi mwa watu wa mali ambao hawakuwa na mafungamano yoyote na waliokaa juu yake. Wakfu nazo, baada ya serikali ya himaya kuunda Kamisheni ya Wakfu mwaka 1905, zikaanza kusimamiwa kama mali ya kuzalisha. Pale palipokaliwa bure, au kwa zawadi ya sikukuu, pakaanza kutozwa kodi ya kiwanja, na katika miaka ya 1920 kodi hiyo ilipanda juu ya watu ambao ujira wao haukupanda nayo. Hamali aliyekosa kazi mwezi mmoja sasa aliweza kushitakiwa, na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ikabomolewa kwa amri ya mahakama.

Wakaazi waligoma kulipa. Mgomo huo wa kodi za viwanja ulifikia kilele mwaka 1928, mwaka uleule ambao sauti ya Siti ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Hoja ya wagomaji ilikuwa nyepesi kueleweka, na sheria za Kiingereza hazikuwa na mahali pa kuiweka: nyumba ni zetu, na ardhi hii tulipewa tukae, hatukupewa tuilipie. Waliitaka serikali itambue ahadi isiyoandikwa. Watu walipofika kubomoa nyumba walikuta umati umesimama, na polisi nao walionja ghadhabu ya mtaa. Mwisho wake serikali ilitunga amri ya kudhibiti kodi za viwanja, mwaka huohuo wa 1928. Wanahistoria wanaoanza habari za siasa za Zanzibar na vyama vya miaka ya 1950 wanauruka mgomo huu, na wanakosea. Ulikuwa ushindi wa watu ambao miaka thelathini nyuma sheria iliwaita wazururaji watarajiwa.

Faida yake ilionekana miaka ishirini baadaye. Mwezi Agosti 1948 wafanyakazi wa gatini waligoma, na mgomo ukaenea hata mji karibu usimame wote. Mtu wa kutwa anayegoma hujikatia riziki mwenyewe, na aghalabu njaa humrudisha kazini mapema. Wale waliweza kustahimili hadi Septemba. Wengine walikwenda kwa jamaa mashambani kula muhogo. Waliobaki walikuwa na vijumba vyao na kodi ya kiwanja isiyopaa. Si makosa kuona mkono wa 1928 katika ustahimilivu huo.

Mashambani kinga hiyo haikuwapo. Wakaazi wa mashamba ya karafuu walipanda muhogo na mboga kati ya mikarafuu, wakajenga, wakazaa, wakazika, bila ya hati yoyote. Makubaliano yao na wenye mashamba yalisimama juu ya adabu na maslahi ya pande mbili. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 adabu hiyo ilivunjika. Katika mwaka ule na uliofuata wakaazi wengi walifukuzwa kwa sababu za chama. Mwenye shamba hakutaka mpinzani juu ya ardhi yake, na mkaazi hakutaka kuukana upande wake. Aliyetolewa alipoteza nyumba, muhogo na kazi ya palilia kwa siku moja, kama vile kifungu cha nne kilivyotazamia miaka sitini kabla. Familia zilizobeba boriti zao barabarani hazikusahau, na yaliyotokea Januari 1964 hayafahamiki vizuri bila ya mizigo ile.

Mwezi Machi 1964 serikali ya Mapinduzi ilitangaza kuwa ardhi ni mali ya dola, na mwenye kiwanja wa zamani akatoweka. Kisha zikaja nyumba za ghorofa: kwanza za Kikwajuni na Kilimani, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, halafu majengo marefu ya Michenzani, yaliyopita katikati ya Ng'ambo kwa mstari ulionyooka. Vijumba vingi vya udongo vilibomolewa kupisha majengo hayo, na wenyewe wakapewa vyumba humo vyenye maji ya bomba na umeme. Wengi walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Lakini katika ghorofa ya nne hakuna uwa wa kuongezea chumba. Bibi aliyezoea kumpangisha mgeni na kuishi kwa senti za chumba kile, mumewe akiwa hana kazi gatini, alipanda ngazi na vyombo vyake, boriti akaziacha chini.