Baba Yake Babu na Mnyororo wa Kilimatinde

Katika ukoo wetu yuko mtu aliyetajwa kwa sauti ya chini. Naye ni baba yake babu, aliyetolewa Ugogo na Wajerumani akiwa na mnyororo shingoni, akapelekwa pwani pamoja na wafungwa wenziwe. Sisi watoto tuliambiwa kwamba kosa lake lilikuwa kukataa kodi. Habari hiyo ilitupendeza, tukaisimulia shuleni kwa majivuno. Nani asiyependa kuitwa kitukuu cha shujaa?

Nilipokuwa mtu mzima, na kazi yangu ikiwa ya majalada, nilianza kuipima habari hiyo. Kodi ya nyumba ilianzishwa mwaka 1898, zama za Gavana Liebert, nayo kwa kawaida ilikuwa rupia 3 kwa nyumba moja. Asiyekuwa na rupia alitumikishwa hadi deni lake liishe. Utumwa huo, kwa ukali wake wote, ulikuwa wa siku au miezi. Baba yake babu alikaa miaka.

Hilo twalijua kwa safari zake mbili. Alikwenda kwa miguu, akarudi kwa gari moshi. Alishukia Dodoma, kisha akatembea kuelekea magharibi hadi tembe la nduguze, kwa kuwa reli ilikuwa haijasonga mbele. Sasa, reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, na Tabora 1912. Basi alirudi baina ya 1910 na 1912, wala hapana shaka. Na binti yake aliyemwacha akibebwa mgongoni, alimkuta ameolewa. Msomaji na ahesabu mwenyewe.

Boma lililotawala upande wetu lilikuwa Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 ilizitaja adhabu ambazo mabwana wa boma waliweza kuwapa wenyeji: viboko, faini, kifungo cha kazi ngumu, kifungo cha mnyororo, na kifo. Kila adhabu ilipaswa kuandikwa kitabuni. Lakini vita vilipowaka, Wajerumani walizifukia nyaraka zao nyingi ardhini, na Waingereza wakazifukua baadaye. Zilizosalia zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nilizipekua siku nyingi, vumbi likinijaa puani, na jina lake sikulikuta.

Wafalme wana bahati katika jambo hili. Mukama Kabalega wa Bunyoro na Kabaka Mwanga wa Buganda walitekwa mwaka 1899, kisha wakahamishiwa Shelisheli. Yajulikana kwamba Mwanga alifia huko mwaka 1903, na kwamba Kabalega alifia Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao. Hata wezi wa Uingereza wana bahati hiyo. Kati ya 1788 na 1868 wafungwa zaidi ya laki moja na nusu walipelekwa Australia kwa merikebu, nao makarani waliandika jina la mfungwa, merikebu yake, na mara nyingi kimo chake, hata makovu yake. Leo vitukuu vyao huenda maktaba na kuwasoma. Kovu la baba yake babu, lililouzunguka ukosi wake kama ushanga, liliandikwa katika macho ya waliomwosha alipokufa katika njaa kuu ya Mtunya, iliyoiangamiza Ugogo mwaka 1919.

Nikamwendea baba mkubwa, aliyekuwa amepita miaka themanini. Nilimwamkia, nikaketi, nikamweleza hesabu zangu za reli na za rupia. Alininyamazia kitambo.

"Mwanangu," akasema, "kodi ni neno tuliloazima. Wakati wa kudai Uhuru kila mji ulikuwa na mzee wake aliyekataa kodi."

"Kumbe alifanya nini, baba?"

Hakunijibu moja kwa moja. Aliniuliza kama nakumbuka kwamba kijana wa kwetu hachumbii katika mji fulani ng'ambo ya Mto Bubu. Nilikumbuka, tulidhani ni udugu wa zamani.

"Si udugu. Ng'ombe walitoka zizini kwetu kwenda kule, wengi, yeye akiwa bado pwani. Hawakuwa ng'ombe wa mahari."

Kwa desturi zetu ng'ombe wa namna hiyo hulipwa kwa jambo moja tu, nalo ni damu ya mtu. Nilimwuliza kama nina ruhusa ya kuliandika hilo. Alichukua fimbo yake, akainuka kwenda kuwatazama mbuzi, na alipofika mlangoni akasema, "Jina la aliyekufa pia uliandike, ukilipata. Waulize kule."

Mwezi uliofuata nilivuka Bubu.