Mtoto wa Maskini na Kalamu ya Unyoya



Mwanzoni mwa mwaka 1704, katika jiji la Paris, maofisa wa sheria waliingia katika shule za watoto maskini wakachukua madawati na vitabu. Walioshitakiwa hawakuwa wameiba kitu, wala hawakuwa wamefundisha uzushi. Kosa lao lilikuwa kuwafundisha watoto kuandika bila kuwatoza ada. Aliyetajwa kwanza katika shauri hilo ni padre mmoja, ambaye leo tunamheshimu kama msimamizi wa walimu wote: Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle.

Twaomba tuitazame habari hiyo kwa utulivu juma hili, maana ina mambo ambayo walimu na wazazi wetu watayatambua mara moja.

Tunaposema "kusoma na kuandika" tunayatamka maneno hayo kwa pumzi moja, kana kwamba ni mapacha. Katika Ufaransa ya karne ya 17 haikuwa hivyo. Kusoma kulikuwa rahisi kufundisha: kitabu kimoja kiliweza kupita mikono mingi, na mtoto hakuhitaji hata meza. Tena Kanisa lilitaka watoto wasome ili waifahamu katekisimu na sala zao. Kuandika kulidai mengine: karatasi, ambayo ilikuwa ghali, wino, unyoya wa bata bukini, kisu kidogo cha kuuchonga, meza ya kuegemea, na mwalimu mwenye mkono uliozoezwa kwa miaka. Basi wengi walijua kusoma kidogo, lakini hawakuweza kuandika hata jina lao.

Kuandika kulikuwa pia mali yenye wenyewe. Tangu mwaka 1570, wakati wa Mfalme Charles IX, walimu wa mwandiko wa Paris walikuwa na chama chao cha kiapo. Hao ndio walioitwa mahakamani kuchunguza hati zilizoshukiwa kughushiwa, na ndio waliouza somo la mwandiko kwa wenye fedha. Walikuwepo pia walimu wa shule ndogo, waliokuwa chini ya Kantori wa kanisa kuu la Notre-Dame. Makundi hayo mawili yalishitakiana kwa muda mrefu, hata ikafikia kuamuliwa kwamba mwalimu wa shule ndogo asimwekee mwanafunzi mfano wa mwandiko unaozidi mistari mitatu. Mistari mitatu, wapendwa! Elimu ilipimwa kama chumvi dukani.

Katikati ya ugomvi huo ndipo alipofika padre wetu. Alizaliwa Reims mwaka 1651, mtoto wa hakimu, akawa kanoni wa kanisa kuu akiwa na umri wa miaka 15, akapewa daraja ya upadre mwaka 1678. Mwaka uliofuata alikutana na Adrien Nyel, aliyekuwa amekuja kufungua shule za wavulana maskini, akaanza kumsaidia bila kudhani kwamba kazi hiyo ingemmeza. Mwaka 1683 aliuacha ukanoni wake, kisha akagawa mali yake kwa wenye njaa, ili asiwe tajiri anayewahubiria umaskini walimu wake. Mwaka 1688 alikwenda Paris, katika parokia ya Saint-Sulpice.

Alivyofundisha twajua kutokana na kitabu cha mwongozo wa shule alichowaandalia Mabruda wake, kilichochapishwa Avignon mwaka 1720. Hicho si kitabu cha mawazo ya juu. Ni kitabu cha mtu aliyekaa darasani akatazama vidole vya watoto. Humo mwalimu anaelezwa jinsi mwili wa mtoto unavyopaswa kukaa anapoandika, mkono wa kushoto uwe wapi, na kalamu ishikwe kwa kidole gumba na vidole viwili. Anayeanza kabisa alipewa kwanza kijiti chenye unene wa kalamu, kilichotiwa pengo tatu, mbili upande wa kulia na moja upande wa kushoto, ili vidole vijue mahali pake kabla ya kuharibu karatasi. Unyoya mwalimu alimchongea mwenyewe, hadi mtoto alipofundishwa kuuchonga. Mwalimu aliyewahi kukabidhiwa darasa la kwanza, penseli zikishikwa kama mchi wa kutwangia, atauthamini ule ujanja wa kijiti.

Kisha, mtoto aliyeendelea hakuachwa anakili methali nzuri nzuri tu. Aliwekewa mbele stakabadhi, hati za deni, mikataba ya kazi, hati za kupangisha nyumba. Alizinakili, halafu akatunga za namna hiyo yeye mwenyewe. Hapo ndipo tunaona padre huyo alikuwa akitafuta nini. Baba wa mtoto huyo alikuwa fundi au kibarua. Mkataba wake uliandikwa na mwingine, na deni lake lilisomwa na mwingine. Yeyote aliyeketi katika ofisi ya parokia akamwona mzee akichovya kidole gumba katika wino ili athibitishe karatasi asiyoijua ndani yake, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo hatuna budi kusema kwamba mpango wake ulikuwa na ugumu wake. Mtoto alianza kusoma kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani, na si kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi. Hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini kalamu hakuigusa mpaka ajue kusoma vema Kifaransa na Kilatini pia. Njia hiyo ilikuwa ndefu, na mtoto wa maskini hana miaka mingi ya kusubiri, maana wazazi humwondoa shuleni mara mikono yake inapoweza kuleta chochote nyumbani. La Salle mwenyewe aliliona hilo. Mwongozo unaruhusu mtoto aliyefikia miaka 12 apelekwe kwenye kuandika mapema zaidi, ikionekana hatakaa shuleni muda wa kutosha. Kwa maoni yetu ruhusa hiyo ndogo ina thamani kuliko kanuni yenyewe. Siku hizi watoto wetu huanza kuandika na kusoma kwa pamoja, na tunaona ni heri.

Turudi kwenye kesi. Malalamiko ya walimu wa mwandiko hayakuwa uongo mtupu. Walisema shule za bure zinawapokea hata watoto ambao wazazi wao wangeweza kulipa, na ilikuwa kweli: maskini kabisa na mtoto wa fundi mwenye kipato waliketi benchi moja. La Salle hakutaka kuwapambanua mlangoni. Nao walimu wale walikuwa na wake na watoto wa kulisha kwa ada hizo. Tena tusifiche kwamba Kantori, aliyesimama upande wa pili, alikuwa mtu wa Kanisa. Mwaka 1706 Mahakama Kuu ya Paris ilimkataza La Salle kuendesha shule bila idhini ya Kantori huyo, na Mabruda wakaondoka Saint-Sulpice kwa miezi kadhaa. Yeye alifariki Rouen siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Chama cha walimu wa mwandiko kilikoma pamoja na vyama vingine vya mafundi vilipofutwa mwaka 1791. Mwaka uliofuata Mapinduzi yalilifuta na shirika la Mabruda lenyewe, ambalo baadaye lilifufuka.

Lilipofufuka lilivuka bahari. Mwaka 1866 Mabruda walifika Madagaska, jirani yetu katika Bahari ya Hindi, na katika shule yao alisoma kijana Rafiringa, aliyezaliwa mwaka 1856. Aliingia shirikani akaitwa Bruda Raphaël-Louis, wa kwanza kutoka kati ya Wamalagasi. Mwaka 1883, vita vilipozuka kati ya Ufaransa na ufalme wa kisiwa hicho, wamisionari Wakatoliki walifukuzwa. Waamini wakabaki bila padre, naye Bruda huyo akawaongoza kwa takriban miaka mitatu, pamoja na mama mlei, Victoire Rasoamanarivo. Aliandika sarufi ya Kimalagasi na vitabu vingine vingi kwa lugha ya watu wake. Alifariki mwaka 1919, miaka 200 baada ya padre wa Reims, na alitangazwa mwenye heri Antananarivo mwaka 2009.