Kwa nini simu ya dereva ni hatari hata isiposhikwa mkononi

Dereva anayetumia simu huku gari likienda anakabiliwa na uwezekano wa kupata ajali ulio takriban mara nne zaidi ya wa dereva asiyeitumia. Hayo ni makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ambalo huihesabu simu pamoja na kasi na ulevi miongoni mwa mambo yanayohatarisha maisha barabarani.

Nchini Kenya, ambako zaidi ya watu 4,000 walifariki katika ajali kila mwaka kati ya 2021 na 2024, kundi kubwa zaidi la waathiriwa ni wanaotembea kwa miguu. Hawa hawana mkanda wala chuma cha kuwakinga dereva anapokengeuka.

Wataalamu huigawa athari ya simu katika sehemu nne. Macho huondoka barabarani, masikio hukosa kusikia honi, mkono huachilia usukani, na akili huhama. Madereva wengi huogopa tatu za kwanza na kuipuuza ya nne, ilhali hiyo ndiyo ngumu zaidi kuepuka.

Utafiti uliofanywa jijini Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1997, uliwachunguza madereva 699 wenye simu waliokuwa wamepata ajali za magari. Ulibaini kuwa hatari iliongezeka mara nne wakati wa mazungumzo. Isitoshe, waliotumia vifaa vya kuongea bila kushika simu hawakuonekana kuwa salama zaidi ya walioishika.

Sababu ni kwamba macho huweza kuelekea kitu na akili isikione. Dereva aliyezama katika mazungumzo hutazama mbele, lakini hukawia kutambua mtoto anayevuka au gari lililosimama ghafla. Mazungumzo na abiria ni tofauti, kwani abiria naye huiona barabara na hunyamaza mambo yanapokuwa magumu. Anayepiga simu kutoka mbali haoni lolote, naye huendelea kusubiri jibu.

Kuandika au kusoma ujumbe ni hatari zaidi. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa magari ya abiria, hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde tano tu, gari litakuwa limekwenda mita 111, urefu unaozidi uwanja wa kawaida wa kandanda, bila mtu wa kuliongoza.

Sheria haijanyamaza. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa linakwenda. Hata hivyo, kanuni hizo hizo zilimtoza Sh10,000 anayepitisha kiwango cha kasi kwa kati ya kilomita 16 na 20 kwa saa. Aidha, kasi hupimwa kwa mtambo, ilhali simu iliyofichwa mapajani ni vigumu kwa afisa wa trafiki kuiona.

Ugumu mwingine ni kwamba simu imekuwa chombo cha kazi. Dereva wa teksi huitegemea kupata wateja na ramani, mwenye matatu humpigia dereva wake kuulizia mapato, na mhudumu wa bodaboda huisokota ndani ya kofia ili aendelee kuzungumza. Kuwaambia hawa waiache simu nyumbani ni kazi bure.

Linalowezekana ni kutenganisha kazi hizo na mwendo. Ramani ipangwe kabla ya kuondoka, mlio uzimwe, na anayelazimika kujibu aegeshe kando mahali salama kwanza. Katika matatu, simu ya dereva yaweza kushikwa na utingo. Abiria naye ana haki ya kumtaka dereva aache simu, kwa kuwa maisha yaliyo hatarini ni yake pia.

Vilevile, anayepiga simu ana wajibu. Akijua kwamba mwenzake yuko kwenye usukani, na akate mara moja, ampigie akishafika. Wahenga walinena kuwa mshika mawili, moja humponyoka. Barabarani, linaloponyoka huenda likawa uhai wa mtu.